Punda wa Nani

Mtoto wa punda alikataa katakata kupanda lori. Walimvuta kwa kamba, wakamsukuma matakoni, wakamwekea konzi ya pumba mbele ya pua. Akapanua miguu yote minne, akatulia. Stanley, dereva, alikuwa ameshawasha injini na kuizima mara mbili. Lori lilikuwa limejaa magunia ya alizeti ya kwenda kukamuliwa Kizota, na lilitakiwa liwe limeondoka Kongwa tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Mzee Silvano, huyu namhesabu watu wawili," alisema Stanley.

"Watu wawili? Huyu hata kubeba hajaanza."

"Ni mzigo unaokunya, mzee. Mzigo wa kawaida haunyi."

Waliokuwa kwenye kibanda cha chai wakacheka. Silvano Mazengo hakucheka, wala hakukasirika. Tangu mwezi wa nne, punda wake jike alipoibwa, mzee huyu alikuwa hakasiriki tena. Ukimtukana anakuitikia, ukimsalimia anakuitikia vilevile. Ni Dorkasi, mkewe, aliyefungua kitenge cha mabegani, akamfunga mtoto wa punda macho, akamwongoza juu ya ubao taratibu hadi akapanda. Wakaketi watatu juu ya alizeti, wakaenda zao Mtumba, kwenye maofisi ya serikali, kumpima mtoto wa punda DNA.

Usicheke na wewe. Hesabu yao ilikuwa imekaa sawasawa kabisa. Redioni walikuwa wamesikia, tena si mara moja: mwanamume anamkana mtoto, kipimo kinaletwa, mtoto anakuwa wake. Sasa kama mtoto anaweza kumtaja baba aliyekimbilia Tunduma, atashindwaje kumtaja mama aliyesagwa Kizota?

Maana habari ya kusagwa walikuwa nayo. Kijijini kwao walikuwa wameibwa punda saba ndani ya wiki moja. Ngozi, watu walisema, zina wateja wake. Nyama hakuna aliyejua inaishia wapi. Kisha mwezi wa sita Jordan, kijana wao wa pekee, akapiga simu kutoka Kizota. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha chakula cha samaki, chakula wanachonunua wafugaji wa sato na kambale.

"Baba, wakaguzi walichukua chakula chetu wakakipima. DNA. Mfuko umeandikwa dagaa na soya. Dagaa hamna kabisa. Wamekuta ng'ombe, wamekuta kuku. Na punda."

"Punda?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni wetu."

"Mimi sijui, baba," Jordan alisema. "Kipimo ndicho kinajua. Nendeni mkaulize." Na simu ikakatika.

Kama kipimo kingesema ni punda wao, mwenye kiwanda angewalipa punda. Hilo tu ndilo walilolitaka. Punda yule alikuwa akibeba madumu manne ya maji kwa mara moja, mizunguko mitatu kila asubuhi. Mzunguko mmoja wa nyumbani, miwili ya kuuza kwenye nyumba za walimu. Hiyo ndiyo iliyokuwa chumvi yao, sabuni yao na dawa ya presha ya mzee. Sasa maji yalikuwa ndoo moja, kichwani kwa Dorkasi, saa nzima kutoka bombani, na Dorkasi ana miaka hamsini na minne na goti lililovimba. Walimu walikuwa wameshapata muuza maji mwingine.

*

Tuseme mapema, maana hapa hakuna cha kuficha: Jordan alikuwa anajua punda ni wa nani.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano. Kiwandani magunia ya nyama kavu na mifupa yalikuwa yakishushwa na gari lililokuja kabla watu hawajajaa njiani, na kazi ya Jordan ilikuwa kuyafungua na kuyalisha mashine. Kwenye gunia la nne au la tano akakuta kichwa. Wachunaji hawakujisumbua kukichuna. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha, na chini yake mikato miwili midogo, mmoja juu ya mwingine. Upande ule wa Kongwa mtu haandiki jina lake kwenye mnyama. Analiweka sikioni kwa kisu. Mikato ile ilikuwa ya Silvano, na kabla yake ilikuwa ya babu. Jordan mwenyewe, akiwa kidato cha pili, ndiye aliyemshika punda yule shingo siku anakatwa.

"Jordan! Mashine inasaga hewa!" mtu alipiga kelele nyuma yake.

Akakitumbukiza. Hakulia wala hakutapika. Alilichukua gunia lililofuata, akalifungua.

Wakaguzi walipokuja mara ya pili, Henry, mwenye kiwanda, alikuwa ameshawakusanya wafanyakazi wake kumi na mmoja. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimnunulia kila mmoja soda baridi.

"Jamani, mtu akiulizwa, hapa hatusagi nyama wala mfupa. Unga tunaununua umeshasagwa, kwa mfanyabiashara wa kupita tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Jordan naye aliitikia, na soda akainywa. Mshahara wake ulikuwa laki moja na themanini, na elfu sitini kati ya hizo ilikuwa ikienda nyumbani kila mwezi. Ndipo akawaza: mimi nimeshindwa kusema, mashine itasema. Kwa hiyo akawapigia wazazi. Alilala usingizi mzuri usiku ule, wa kwanza tangu Alhamisi ile.

*

Mlinzi wa getini Mtumba aliitazama barua ya mtendaji wa kijiji, akamtazama Silvano, kisha akamtazama mtoto wa punda.

"Na huyu naye ana miadi?"

"Nimemleta kupimwa, mwanangu."

"Kupimwa nini, mimba?" Mlinzi akamgeukia mwenzake. "Njoo uone. Njoo uone mgeni wa leo!"

Mwenzake akaja, akaona, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walipochoka wakasema mzee anaweza kuingia, mnyama hapana. Dorkasi akabaki naye nje, ng'ambo ya barabara, kwenye mti mchanga uliopandwa juzi na kuzungushiwa miti mikavu. Kabla mzee hajaondoka, Dorkasi alikata nywele za mkia wa mtoto wa punda kwa wembe, akazifunga kwenye karatasi ya daftari.

"Wape hizi. Redioni walisema hata nywele zinatosha."

"Wakitaka damu?"

"Watatoka wenyewe waje kuchukua."

Jordan akafika wakati huo, kwa bodaboda, shati limechomekwa. Kazini alikuwa ameaga kwamba anampeleka mgonjwa hospitali. Akainama. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda," mama yake alisema.

Baba na mwana wakaingia ndani. Dorkasi hakupata hata muda wa kukaa. Mtoto wa punda alikunya juu ya vitofali vya njia ya waenda kwa miguu, na mlinzi akavuka barabara mbio.

"Mama! Hapa anapita katibu mkuu! Toa hiyo kitu!"

Dorkasi alitazama huku na huku akitafuta fagio au hata kipande cha boksi, hakuona. Akapiga goti lile zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akazoa kwa mikono akatia kwenye kiroba kilichokuwa na pumba. Watumishi wenye vitambulisho shingoni walikuwa wakitoka kunywa chai. Walimpita kwa mbali kidogo. Msichana mmoja alitoa simu akampiga picha, Dorkasi akanyanyua uso akamtazama, na yule msichana akasema samahani mama, akaenda zake. Aliona aibu, Dorkasi, ila aibu yenyewe ilikuwa mbali, ya mtu mwingine hivi. Alijifuta mikono kwenye nyasi. Kiroba hakujua akitupe wapi, akakaa nacho.

*

Mtaalamu aliyewapokea aliitwa Evodia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na macho ya kukosa usingizi. Alimwamkia mzee shikamoo, akawavutia viti. Alisikiliza yote bila kumkatiza, hata habari za redio. Silvano akafungua karatasi ya daftari, akaisogeza mezani kwa mikono miwili.

"Hizi ni za mtoto. Yuko nje. Mkitaka damu, mama yake... yaani mke wangu, yuko naye."

Evodia alizitazama zile nywele. Akaikunja karatasi vizuri kama ilivyokuwa, asijue aiweke wapi.

"Mzee wangu, nikueleze ukweli. Kipimo tulichofanya kinatafuta kitu kidogo sana, ambacho kila punda duniani anacho na ng'ombe hana. Tukikiona tunasema, humu mna punda. Ni mmoja au ni kumi, wa Kongwa au wa Singida, hakituambii."

"Lakini yule mtoto wa redioni..."

"Yule ni mtu mmoja na mtu mmoja, mzee, na kipimo chenyewe ni kingine. Huu ni unga. Umechemshwa, umekaushwa, umesagwa, wanyama wamechanganywa. Hata nikizipeleka hizi nywele maabara, hakuna cha kuzilinganisha nacho."

"Alama ninayo," Silvano alisema. "Sikio la kushoto. Ncha imekatwa, halafu mikato miwili. Kijiji kizima wanaijua. Andika tu hiyo, mheshimiwa."

"Sikio limesagwa, mzee."

Alilisema, akatamani kulirudisha. Jordan alikuwa ameyakodolea macho maandishi ya kalenda ukutani, ya mwaka juzi.

"Na mwenye kiwanda?" Silvano aliuliza.

"Amepigwa faini. Kosa lililothibitika ni la maandishi ya mfuko. Ameandika dagaa, na dagaa hawamo. Amelipa."

"Amemlipa nani?"

"Serikali."

Silvano akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo dagaa ambao hawakuwemo wamelipiwa. Punda waliokuwemo, bado."

Evodia alisogeza kiti mbele. "Yule bwana anasema alinunua unga tayari, kwamba kiwandani kwake hakusagwi mnyama. Sisi hatuna wa kumpinga. Angekuwepo mtu wa mle ndani aliyeona kwa macho, akaja hapa akaandika maelezo, lingekuwa jambo lingine. Polisi wangeingia, na wewe ungedai punda wako, na wenzako wangedai." Akamgeukia Jordan. "Kijana ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Vibarua," Jordan alisema. "Vibarua tu, hapa na pale."

Silvano akageuza shingo akamtazama mwanawe. Kijana huyu ndiye aliyelitangazia kanisa zima, kupitia mama yake, kwamba amepata ajira ya kiwandani, ya mshahara. Kisha mzee akaichukua karatasi yake ya nywele kutoka mezani, akaitia mfukoni, akashukuru, akatoka.

*

Baba na mwana walivuka barabara, wakamkuta Dorkasi na kiroba chake. Wakasimama watatu. Jua la saa sita lilikuwa linapiga vitofali, na mtoto wa punda alikuwa anajikuna kwenye miti ya kuzungushia.

Jordan ndiye aliyesema, bila kuulizwa na mtu. "Nililiona sikio, baba."

"Sikio gani?" mama yake aliuliza.

"La punda wetu. Lilikuja kwenye gunia, mwezi wa tano."

"Ukafanyaje?" Silvano aliuliza.

"Nikasaga."

"Ukasaga."

"Ndiyo. Nilidhani kipimo kitasema chenyewe. Nilijua mkija hapa watawaambia, basi nisingelazimika..." Hakulia, alitamani angalau sauti imtetemeke, ikatoka kavu tu, sauti ya mtu anayetaja bei ya kitu.

Dorkasi alikuwa anamtazama kwa makini. "Siku hiyo," akasema, "mchana ulikula?"

"Mama?"

"Nakuuliza, ulikula?"

Jordan akafikiri. "Nilikula. Wali maharage."

Mama yake akaitikia kwa kichwa. Alitaka tu kujua. Akamsogelea akampangusa bega, kulikuwa na vumbi la bodaboda, akaendelea kulipangusa hata lilipokwisha.

"Nirudi ndani, baba?" Jordan aliuliza. "Yule mama bado yupo. Nitaandika kila kitu. Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu."

Ndugu yangu, mzee huyu alikuwa amepanda juu ya alizeti tangu asubuhi. Alikuwa amechekwa Kongwa na amechekwa Mtumba. Kitu alichokifuata sasa kilikuwa kimesimama mbele yake na shati limechomekwa, kinasubiri neno moja tu. Silvano alitazama geti. Akatazama goti la mkewe, vumbi jekundu limeshikamana na uvimbe.

"Ukiandika, kazi utakuwa nayo?"

"Hapana."

"Na polisi wakiingia, aliyesaga wanamwacha?"

"Sijui, baba. Sidhani."

"Na huyo punda, watalipa lini? Mwaka huu?"

Jordan akalichomeka shati lake upya.

"Basi," Silvano alisema. "Usirudi. Punda amekwenda, wewe upo. Rudi kazini kwako, nyamaza."

"Baba Jordan," Dorkasi alisema, "na wale wenzetu? Punda ni saba."

"Na wewe nyamaza, mama. Nakuomba."

Hakusema kwa ukali. Tangu amuoe alikuwa hajawahi kumwambia neno hilo, na sasa alilisema kwa sauti ya kukopa. Kisha akajifanya anaikagua kamba ya mtoto wa punda, akaifungua na kuifunga tena mahali palepale. Haya ilimshika, haya ya kweli, ya kumchoma, na ndiyo ilikuwa hisia yake ya kwanza tangu mwezi wa nne. Haikukaa. Jordan alipowaaga, alimpa mama yake elfu kumi ya nauli. Dorkasi aliitazama ile noti kabla hajaifunga pembeni mwa kitenge.

Stanley aliwapitia jioni akirudi na lori tupu. Safari hii mtoto wa punda alipanda mwenyewe. Kabla hawajafika njia panda ya Kongwa wakawa wameshalala.

*

Kesho yake asubuhi Dorkasi alikuwa bombani kabla ya jua. Foleni ilikuwa ndefu. Tangu wiki ile ya wizi, wanawake waliokuwa wakituma punda walikuwa wakija wenyewe. Alipofika mbele, Ruthu alikuwa anamngojea pembeni, ndoo yake imeshajaa, hajaondoka. Ruthu ni mjane, na punda wake walioibwa walikuwa wawili.

"Mbukwenyi, dada," alimsalimia kwa Kigogo. "Mlirudi usiku? Nilikuja kugonga, nikasema niwaache mpumzike. Enhe, kipimo kimesemaje?"

"Kimesema ni punda."

"Wa nani?"

"Hakijui. Punda wote kwake ni sawa."

"Mh!" Ruthu akaguna. "Na mashine zote zile." Akatazama chini, akachorachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Hawakusema kuna njia nyingine?"

Maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo ya Dorkasi taratibu, presha ilikuwa ndogo.

"Walisema labda apatikane aliyeona," alisema. Hilo lilimtoka kabla hajalizuia.

"Ee Mungu wangu. Huyo ningempigia magoti, dada, hapa hapa kwenye tope. Hata awe ndiye mwizi, sina neno naye. Aseme tu." Ruthu akanyanyua uso. "Na hakuna? Hata mmoja?"

Dorkasi alikuwa mwimbaji wa kwaya na mtunza sadaka wa kina mama. Kijijini, mtu akitaka kuapa kwamba jambo ni kweli, alisema muulizeni Dorkasi. Alifunga bomba. Alikunja kata yake ya kitambaa, akaiweka kichwani, akaitengeneza vizuri.

"Hakuna," alisema.

Ruthu akaamini palepale. Akapumua kwa nguvu, akainama, akashika ndoo ya mwenzake upande mmoja kumsaidia.

"Basi tena. Tutafanyaje. Ila wewe, dada, mshukuru Mungu. Angalau wewe una Jordan."

"Namshukuru," alisema Dorkasi, akapinda magoti ili atwikwe.